Mti ya Tumbo

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne hapa Karatu, kwa hiyo nianze kwa kukiri kosa moja ambalo sikulisahihisha. Kosa lenyewe ni la ngeli. Mti ni wa, si ya. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua, na asiyelijua nilikuwa na namna yangu ya kumkumbusha. Lakini siku Olais alipofika kwenye kitalu cha jirani yangu Vumilia akasema, "Mama, nataka mti ya tumbo," nilikuwa nimekaa benchi pale pale nasoma gazeti la juzi, na nikanyamaza. Ningefungua mdomo tungeulizana maswali mawili matatu, tungeelewana, na Vumilia asingekuwa mganga.

Huyo Vumilia ndiye ninayetaka kumsimulia. Wengi humwita Mama Joshua, kwa jina la mwanawe anayeendesha magari ya watalii, na ana kitalu cha miche kandokando ya lami inayopanda kwenda geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini na macho ya kukagua. Ukisimama mbele yake unajisikia mche: anatazama kama umenyooka, kama una wadudu, kama utafika msimu wa mvua. Tangu nistaafu nashinda kwenye benchi lake, kwa sababu nyumbani kwangu kuna kazi.

Olais ni mfugaji wa Malambo, na siku hiyo, miaka sita iliyopita, alikuwa amekuja kuuza mbuzi kwenye mnada wa tarehe saba. Kwa Kimasai neno la mti na neno la dawa ni moja. Yeye alikuwa anaharisha siku ya tatu, anatafuta dawa, akaona bango la Vumilia lililoandikwa MITI YA AINA ZOTE, akamshukuru Mungu. Vumilia naye akaona mtu aliyeshika tumbo anaomba mti, akapiga hesabu kwamba huyu ana njaa ya siku nyingi na anataka mti wa matunda. Akamchagulia mpera, kwa kuwa mpera huvumilia jua la Malambo.

"Huu ndio wenyewe," alimwambia. "Usikate mizizi. Maji asubuhi na jioni."

Olais alishukuru akaenda zake kwa ndugu aliyefikia. Siku ya pili yake alirudi na kile kiriba cha nailoni kilichobeba mche, kitupu, kimeoshwa, kimekunjwa vizuri.

"Imeisha," alisema. "Nipe ingine."

"Umeshaupanda?"

"Nimekunywa."

Vumilia alikaa chini. Aliuliza majani ameyafanyaje, akaambiwa yamechemshwa. Mizizi je? Imechemshwa, si alisema isikatwe. Na ule udongo wenye samadi? Olais alimtazama kwa huruma, akasema udongo ameuosha, yeye si mtoto. Na tumbo? Tumbo limetulia tangu jana mchana.

Sasa, majani ya mpera kwa tumbo la kuhara si muujiza. Mama yangu mzazi alinichemshia, na wa kwako pengine alikuchemshia. Hapakuwa na uganga wowote pale, palikuwa na mpera uliofanya kazi yake. Lakini Olais alirudi Malambo akasimulia, na mnada uliofuata walikuja watu tisa, kila mmoja anataka mti: wa kikohozi, wa magoti, wa mgongo, na mmoja wa mbuzi asiyeshika mimba. Vumilia aliwaambia yeye anauza miche. Wakamjibu ndiyo, hiyo hiyo miche. Basi akawachemshia majani ya mpera na tangawizi, akatia asali kidogo wasije wakalalamikia uchungu, akidhani anawapa chai ya kuwaaga. Waliondoka nayo kwenye chupa za maji, na mwezi uliofuata wakaja ishirini.

Ili umwelewe mama huyu lazima ujue alikozaliwa. Baba yake alikuwa Mnyaturu, alitoka Singida kuja kuchuma kahawa msimu mmoja tu, na msimu huo haukuisha mpaka alipozikwa huku huku. Vumilia alizaliwa kwenye mabanda ya wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja upande wa Oldeani, akakua na watoto wa Kigogo, wa Kiiraqw na wa Kinyiramba, wakitukanana kwa lugha nne na kupatana kwa Kiswahili. Shamba lilikuwa na tabibu wake, na tabibu alikuwa na chupa mbili kubwa zenye bomba chini. Nyeupe ilikuwa ya wanaoumwa kuanzia kitovu kwenda juu. Nyekundu ilikuwa ya wanaoumwa kuanzia kitovu kwenda chini. Vumilia alipokuwa na miaka saba aliuliza je, anayeumwa kitovu chenyewe? Alizabwa kibao, akapewa nyeupe.

Alisoma mpaka la saba, akaolewa na dereva wa trekta, akazaa Joshua, akafiwa na mume. Wakati huo kila mtu alitaka kuzungushia shamba lake migrivea, naye akaanza kitalu kwa mfuko mmoja wa mbegu na debe la kumwagilia lililotoboka. Kuanzia hapo amelisha watu wake kwa miche. Hata sasa ukimuuliza kazi yake atakwambia miche, na ukimwambia dawa atakukunjia uso, kisha atakuuliza unaumwa nini.

Aliyeigeuza chai ile kuwa biashara ni mdogo wake, Fredrick. Huyu alitaka kuwa mwongoza watalii, akaishia kuosha magari yao, na kutoka huko alipata Kiingereza cha kutosha kumsumbua kila mtu. Chupa ndogo aliiita hafdei na kubwa akaiita fuldei, kama safari za watalii za nusu siku na za siku nzima, na wateja wote kwake ni maklaenti. Siku moja alikuja na kopo la bati, kuukuu, lenye picha ya mzungu mwenye ndevu na nishani kifuani. Kopo hilo mama yao alipewa zamani, alipokuwa akifagia nyumba ya mwenye shamba. Lilikuwa mali ya babu wa mzungu yule, na miaka yote mama alikuwa akihifadhia chumvi.

"Mwalimu, nisomee," Fredrick aliniambia.

Nilivaa miwani nikasoma. Vilikuwa vidonge vilivyotengenezwa mwaka 1891, na kopo lilidai vinaponya kikohozi, kiungulia, baridi yabisi, minyoo, upara, kwikwi, gauti, uchovu wa makarani, moyo kwenda mbio, huzuni ya jioni, na udhaifu wa farasi. Kidonge hicho hicho kimoja. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nilisema hawa wazungu wa zamani walikuwa matapeli waliokubuhu, na kwamba yule tabibu wa chupa mbili alikuwa msomi, maana yeye angalau aligawa mwili nusu kwa nusu.

Fredrick hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mnada uliofuata alikuja na spika. Ukipita pale huwezi kuikosa: "Mti wa Mama Joshua, kikohozi, kiungulia, upara, gauti, uchovu wa makarani, huzuni ya jioni, na punda aliyechoka," halafu inaanza upya, kuanzia asubuhi mpaka mnada uvunjike. Nilimwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alinijibu, "Mwalimu, biashara ni matangazo." Na kusema kweli aliniaibisha, kwa sababu gauti hakuna aliyeijua, lakini ile huzuni ya jioni watu waliijia kutoka Baray na kutoka Sale. Walikuja watu wazima, wanasogea karibu na meza, wanauliza kwa sauti ndogo kama ile ya jioni ipo.

Na lebo niliandika mimi. Sitajificha. Mwandiko wangu ni mzuri na Fredrick alijua kunisifu. Mgongo wangu nao ulikuwa unapata fuldei moja kila wiki bila malipo, na siwezi kusema haukupata nafuu. Bwana afya alipopita aliuliza kuna nini ndani, Vumilia akamwambia ukweli wote, mpera, tangawizi, asali na maji, naye bwana afya akaonja, akaandika, akaagiza orodha ya magonjwa ipunguzwe. Fredrick alitoa upara, kwa sababu yeye mwenyewe ana upara na watu walishaanza kuuliza.

Vumilia hakuwa na raha na mambo haya. Jioni moja tukifunga viriba aliniuliza, "Mwalimu, nawadanganya hawa watu?"

"Unawauzia chai."

"Mbona wanapona?"

"Watu wengi hupona, Mama Joshua. Ndiyo tabia yao."

Alifikiri. "Na ambaye si tabia yake?"

Nikamwambia kiriba chake kimejaa udongo kupita kiasi.

Jibu lilikuja mwaka jana, mnada wa mwezi wa tatu. Spika inapiga kelele, vumbi limetanda, Olais akatokea akiwa na wanawake wawili. Mmoja ni mama yake, Seenoi, mwembamba, amenyooka, shanga mpaka mabegani, mtu ambaye kwa miaka mitano alikuwa akiagiza fuldei ya magoti kila mwezi. Mwingine ni Naserian, mke wa Olais, mwenye mimba kubwa. Vumilia alimpa ndoo akae. Alipokaa niliona miguu yake. Ilikuwa imejaa mpaka mikanda ya katambuga, vile viatu vya tairi, imefunguliwa, na bado ilikuwa inamkata.

"Kichwa," Olais alisema. "Siku nne, kichwa tu. Na anaona nyota mchana. Mama anasema tumpe mti."

Walikuwa wametoka Malambo kwa lori la mnada na walikuwa wamepita zahanati mbili njiani bila hata kuzitazama. Lori lilikuwa linarudi saa tisa. Seenoi alikwisha kutoa hela kwenye fundo la shuka, akamshikisha Vumilia mkononi.

Vumilia hakuitazama hela. Aliinama, akambonyeza Naserian mfupa wa mguu kwa kidole gumba, akaachia. Shimo lilibaki pale pale. Aliinuka, akaenda kwenye spika, akachomoa waya katikati ya huzuni ya jioni. Kisha akachukua mkono wa Seenoi, akairudisha ile hela kwenye kiganja chake na kumfumba vidole kimoja kimoja.

"Siuzi," alisema.

Mimi namjua Vumilia, na sikuwahi kumwona akimkatalia mtu. Alinieleza sababu yake baadaye, lakini niiweke hapa maana ndipo inapohusika. Alikuwa na dada, Rozalia, aliyemtangulia miaka sita. Rozalia alipokuwa na mimba ya kwanza, kule shambani, miguu ilijaa hivi hivi, kichwa kikauma hivi hivi, akaanza kuona nyota. Walimpeleka kwa tabibu. Tabibu akapata taabu, kwa sababu kichwa kiko juu ya kitovu na miguu iko chini. Basi akampa zote mbili, nyeupe na nyekundu, na Rozalia akafa siku ya tatu akiwa bado na mtoto tumboni. Vumilia ndiye aliyekuwa akimshikia kikombe.

Fredrick alimvuta Vumilia pembeni kumwambia kwamba klaenti hakataliwi. Nilimwona akirudi haraka kukunja waya wa spika.

Seenoi alisema maneno mengi kwa Kimasai. Olais akatafsiri. "Mama anasema hatukutoka Malambo kuja hospitali. Tumekuja kwa mti."

"Mwambie huu ni mpera," Vumilia alisema. "Majani ya mpera na tangawizi. Hauwezi kitu hapa. Ampeleke hospitali sasa hivi, ni hapo tu."

Olais alitafsiri. Seenoi akajibu kwa neno moja.

"Anasema mganga mzuri hajisifu."

Nilikuwa nimeona mengi kazini, lakini sikuwahi kuona mtu anakana dawa yake na kwa kuikana ikazidi sifa. Vumilia alisema tena, kwa ukali, akasema hospitali, akasema damu, akasema mtoto. Seenoi alisimama pale pale. Naserian alikuwa amefumba macho, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Lori tuliliona upande wa pili wa uwanja, dereva amelala chini yake, na ilikuwa saa saba na nusu.

Olais ndiye aliyesema, polepole, akimtazama Vumilia usoni. "Mama Joshua. Huu mti hauna masharti? Dawa kubwa huwa ina masharti."

Vumilia alimtazama. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kalamu."

Nilichukua lebo, nikaigeuza nyuma. Aliniamuru niandike kwa mwandiko wangu wa kuandikia vyeti.

"Sharti la kwanza. Chupa hii haifunguliwi nje ya geti la hospitali. Ifunguliwe mbele ya mlango wa wazazi. Sharti la pili. Mgonjwa afungwe mkononi kitambaa kinachovimba chenyewe, kibane, kisha kipumue. Mwenye koti jeupe atataja namba mbili, kubwa na ndogo. Olais, uzishike uniletee. La tatu, akojoe kwenye kikopo, na kikopo kitazamwe na mtu wa maabara. La nne, akiambiwa alale, alale. Akiambiwa kisu, ni kisu. La tano, mti unanywewa siku ile tu mwenye koti atakaposema nenda nyumbani. Ukinywewa kabla, unageuka."

"Unageuka nini?" niliuliza. Ni ualimu, siwezi kuuacha.

"Unageuka, Mwalimu. Andika."

Niliandika. Nilisoma kwa sauti, sharti moja moja, na Olais akatafsiri. Seenoi alisikiliza yote bila kupepesa. Mwisho aliuliza jambo moja.

"Anauliza hicho kitambaa ni rangi gani," Olais alisema.

"Cheusi," nilisema mimi, na Vumilia wakati huo huo akasema, "Bluu."

Bi kizee yule alitutazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, na mimi nilitoka jasho ambalo sijatoka tangu mkaguzi wa elimu aliponikuta nimesinzia darasani. Kisha aliichukua chupa akaificha chini ya shuka, akamshika mkwewe mkono. Alitoa hela tena. Vumilia akaikataa tena.

Fredrick alikimbia kuita bajaji, na sijawahi kumwona akikimbia. Spika haikuwashwa tena siku hiyo. Saa tisa lori la Malambo lilipita mbele yetu, na Vumilia alisimama barabarani kuhesabu vichwa juu ya magunia. Alirudi akasema, "Hawamo," akakaa kwenye ndoo.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Olais alikuja, amezishika namba zake kama alivyoagizwa. Alizitamka taratibu, mtu asije akaziharibu. "Mia moja themanini. Mia moja kumi na tano. Zinafaa kwa mti?"

Vumilia ana presha yeye mwenyewe, anazijua namba. Alishika ukingo wa meza. "Wamesema nini?"

"Wamemlaza. Daktari anasema ni kifafa cha mimba, kinakuja. Anasema tungerudi na lori, angetufia njiani. Kesho asubuhi, kisu. Nimemwambia daktari ndiyo, sharti la nne."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Vumilia hakuthubutu kwenda wodini. Alisema, nikienda nikakuta kitanda kitupu, Mwalimu, nitarudi na miguu gani? Alimwagilia miche ile ile mara tatu kwa siku mpaka michongoma ikaanza kuoza mizizi. Nilikuwa nakwenda mimi, najifanya namtazama mtu mwingine, narudi na habari kidogo kidogo: amepasuliwa, mtoto yuko kwenye mashine ya joto, mama amefungua macho, amekunywa uji. Kila habari aliipokea kwa kuuliza kama nimeona kwa macho yangu.

Siku ya kumi na moja walikuja wote, kwa miguu, kutoka hospitali. Naserian alitangulia, amekonda, amebeba mtoto wa kike mdogo kuliko chupa ya fuldei. Olais alikuwa amebeba kila kitu kingine. Seenoi alikuja nyuma, akaiweka ile chupa mezani. Ilikuwa tupu. Naserian alikuwa ameinywa mbele ya mlango wa wazazi, baada ya kuruhusiwa, sharti la tano.

Vumilia alikuwa amekwisha kuamua atasema nini, maana alianza kabla hajasalimia vizuri. Alisema, "Olais, mwambie mama anisamehe. Yale masharti niliyatunga. Mwalimu hapa ni shahidi. Mti ule ni mpera, haukumponya mtu. Waliomponya ni wa hospitali, na mimi nilimdanganya mtu mzima aliyeniamini. Mwambie yote."

Olais alifungua mdomo kutafsiri. Seenoi akainua mkono, akamnyamazisha.

"Nimesikia," alisema. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha mnadani, chenye ngeli zake mwenyewe, lakini kilichonyooka.

Mimi na Vumilia tulitazamana.

"Presha mimi napimwa Malambo kila mwezi," Seenoi alisema. "Kitambaa yake ni kijivu. Na mpera najua. Wajukuu wanakula matunda yake mpaka wanafunga choo. Mimi nakunywa hii ya magoti kwa sababu ni tamu."

"Basi kwa nini ulikataa hospitali?" Vumilia aliuliza. "Na kwa nini ukaenda?"

Seenoi alikaa kwenye benchi langu bila kuniomba, nikasogea. "Nilikataa kwa sababu dada yangu aliingia hospitali akatoka kwa blanketi. Nikasema mkwe wangu, hapana. Lakini mimi ni mzee, nimeuziwa dawa na watu wengi. Hapa mnadani kila mtu ananiita, mama njoo, mama hii ya macho, mama hii ya mgongo. Wote wanachukua hela yangu. Wewe nilikupa hela mkononi, ukanifunga vidole ukarudisha. Ya kwanza, na ya pili. Muuza dawa akikataa hela, huyo ameona mtu anakufa. Niliogopa. Ndiyo nikaenda."

Vumilia alimchukua mtoto kutoka kwa Naserian, akamwangalia kwa yale macho yake ya kukagua, kuanzia unyayo mpaka utosi, halafu akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wateja wa miche, mpaka mtoto naye akaanza na Seenoi akaona ni afadhali amchukue mjukuu wake.

Hiyo ni mwaka jana. Chai ya mpera bado ipo, na spika bado inanguruma, ingawa Fredrick ameamriwa kuitaja kuwa chai. Kilichobadilika ni kimoja. Mtu akija, Vumilia humkagua kwanza, na mara moja moja husema, "Wewe sikuuzii." Habari ya Naserian imefika kila boma na kila kijiji, kwa hiyo hakuna anayebishana naye. Anayekataliwa hutoka pale moja kwa moja mpaka hospitali, hata nguo za kubadilisha harudi kuchukua, na bwana afya anasema hajapata kuona bango wala mkutano uliopeleka watu kupimwa namna hii.

Wiki iliyopita nilinyoosha mkono kuchukua fuldei yangu ya mgongo. Vumilia aliiwahi, akaisogeza mbali. Alinitazama macho, akanitazama kucha, akaniuliza mgongo huu umeanza lini kuuma mpaka kifuani.

"Mwalimu," alisema, "wewe sikuuzii."

Nilibishana naye dakika moja tu, kwa heshima ya ualimu, kisha nikamwomba Fredrick aniitie bajaji. Haya yote nimeyaandika wodini.